Kaushio la Jua Nyumbani kwa Minza

Minza hakuwa mwanamke wa kuacha kitu kiharibike hivi hivi. Shamba lake liko chini kidogo ya nyumba, upande wa Magu, pale kijito kinapokaribia kuingia ziwani. Hulima nyanya, mchicha na kunde. Viazi alivianika kila mwaka, akapata michembe ya kula na ya kugawia majirani. Lakini mboga za majani hakuwahi kuanika. Akishindwa kuziuza aliwatupia mbuzi.

Sababu aliijua yeye na mumewe, Shimba. Alipokuwa msichana alipelekwa Kirumba, mjini Mwanza, kukaa na shangazi yake ili asome. Mama yake alimfungashia majani makavu ya kunde, zawadi ya nyumbani. Shangazi akakifungua kile kifurushi mbele ya wageni, akanusa, akaangua kicheko.

"Jamani, huko kwenu njaa imefikia hapa?"

Wageni nao wakacheka. Kuku wakamwagiwa yale majani. Minza alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi, na kuanzia siku ile mboga kavu ikawa kwake chakula cha aibu.

Mwaka juzi, masika yalipokolea, mkwewe Immaculata alikuja kukaa naye. Immaculata ni mke wa Elias, mtoto wa kwanza wa Minza. Kwao ni Muleba, ila yeye na mumewe wanaishi Mkuyuni, mjini Mwanza. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Florian, akaja kijijini apumzike. Kupumzika kwenyewe kukamshinda. Asubuhi moja alimkuta mama mkwe akimwaga nyanya zilizolainika nyuma ya zizi.

"Mama, zote hizi?"

"Nifanyeje, mwanangu? Sasa hivi kila mtu ana nyanya. Nikipeleka sokoni narudi nazo."

Immaculata akamweleza kwamba kule Mkuyuni yuko kwenye kikundi cha akina mama, na wamefundishwa kutengeneza kaushio la jua. Ni sanduku la mbao lililoinuliwa kwenye miguu, ndani lina wavu wa kutandazia mboga, juu limefunikwa nailoni inayopitisha mwanga. Vumbi haliingii, nzi hawaingii. Palikuwa na mbao kuukuu ghalani. Kama baba angeruhusu, angejaribu.

"Mboga kavu hazipikwi nyumbani kwangu," Minza akasema, akaenda zake kisimani.



Mwishoni mwa Aprili ikanyesha mvua kubwa, mto ukabeba kalavati la barabara ya kwenda Magu. Kirikuu, kigari kidogo cha mnunuzi wa nyanya, kikaishia ng'ambo. Ilipopita hiyo mvua likawaka jua kali, na nyanya zikaiva kwa pamoja kana kwamba zimeambizana. Shimba alizunguka shambani, akarudi, akamwambia mkewe taratibu, "Mama Elias, mwache huyu binti ajaribu. Tutapoteza nini?"

Minza hakujibu. Shimba alichukulia ukimya ule kuwa ruhusa, akaenda kutafuta misumari.

Kaushio likasimama uani. Nyanya zikakatwa vipande, zikanyunyiziwa chumvi, zikatandazwa. Minza mwenyewe akawa anapita karibu, anachungulia kama mtu aliyepoteza kitu, anaondoka. Vipande vilikuwa vimeanza kujikunja pembeni siku Immaculata alipoenda zahanati kumpima mtoto. Ndipo Minza aliposikia sauti ya Rose, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, akibisha hodi kule njiani. Aliruka. Akazizoa nyanya zote, akazitia kwenye mfuko, akausukuma mvunguni mwa kitanda. Rose alikaa sana, akanywa chai, akaaga. Minza akaona haya kuzirudisha, akanyamaza.

Immaculata alirudi giza limeingia, na siku iliyofuata alipokuta kaushio tupu akatafuta mpaka akauona mfuko mvunguni; alipoufungua, ukungu ulikuwa umeshaanza.

"Nani amezitoa kabla hazijakauka?"

"Mimi," Minza akasema. Akakaa kwenye kigoda, akamsimulia habari za Kirumba, za shangazi na wale kuku. Hakuwahi kumsimulia hata Elias.

Immaculata alisikiliza huku akimnyonyesha mtoto. Simulizi lilipokwisha akauliza, "Huyo shangazi bado yupo?"

"Alishafariki zamani."

"Sasa unamficha nani, mama?"

Minza akamtazama. Kicheko kikamtoka chenyewe, akacheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Kisha akachukua kisu na ndoo, wakaenda wote shambani.

Safari hii walifanya pamoja. Majani ya kunde waliyachovya kwenye maji ya moto kidogo tu, yasipoteze rangi, wakayafunika kitambaa cheusi yasipigwe na jua moja kwa moja. Hawakufunga chochote mpaka kipande kikivunjwa kinalia. Immaculata aliporudi Mkuyuni aliacha mifuko imepangwa darini, sehemu kavu isiyofikiwa na panya.

Kiangazi kikaingia. Kijito kikawa uzi, na sokoni fungu la mchicha likawa la kugombewa. Ikafika zamu ya Minza kupokea jumuiya. Aliloweka majani yake, akayapika kwa karanga na vipande vya nyanya, akayapakua pamoja na ugali. 

Rose aliongeza mara ya pili. "Minza, mboga hizi umezitoa wapi na ukame huu?"

 Shimba akainua macho kutoka kwenye sahani.

"Ni zangu mwenyewe," Minza akasema. "Nilizikausha masika. Ukimaliza kula nitakuonyesha."

Walikwenda uani karibu wote, mikono bado ina maji ya kunawa. Minza akainua nailoni, akaanza kuwaeleza jinsi ya kutandaza, na walipomsonga kwa maswali akawaambia wasogee, wanamzibia mwanga.