Hesabu Niliyomfundisha Dorika

Nakumbuka Jumapili moja ya Septemba, mwanangu, upepo wa Ugogo ukitumwagia vumbi machoni, Dorika aliponifuata tulipotoka kanisani, daftari amelikumbatia kifuani. Tulikuwa darasa la saba, kijiji kimoja upande wa Mvumi, dawati moja tangu darasa la kwanza. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilikwisha kujaa sokoni mjini na sabuni ilikuwa imerudi madukani, lakini nafasi za sekondari zilibaki zilezile chache. Shuleni kwetu alichaguliwa msichana mmoja kwa mwaka, na mwaka mwingine hakuna. Kila mtu alijua kuwa mwaka ule ni mimi au Dorika.

"Mwenzangu, nifundishe hizi za kutafuta x," akasema. "Mtihani keshokutwa, nami sikuwepo."

Hakuwepo kwa sababu mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, na yeye ndiye aliyempikia uji na kumfulia, majuma matatu. Katika majuma hayo mwalimu alitufundisha milinganyo. X jumlisha saba ni sawa na kumi na mbili. Saba ikihamia upande wa pili hubadili alama, jumlisha inakuwa toa. Kumi na mbili toa saba, x ni tano. Basi, ni hilo tu. Wewe utacheka, lakini kwetu sisi watoto wa wakulima wa uwele, hilo lilikuwa mlango.

Tukaketi kivulini, ukutani mwa kanisa. Nikamwonyesha saba inavyohama. Habari ya alama sikumwambia.

"Halafu najumlisha?"

"Ndiyo, unajumlisha."

"Ndivyo alivyosema mwalimu?"

"Ndivyo."

Akapata kumi na tisa, akafurahi, akanishika mkono kunishukuru. Nilijua ninachofanya, mwanangu. Usinitafutie utetezi wa utoto. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nami dhiki yake niliikanyaga ili nipande.

Mtihani ulikuja na maswali hayo, si moja wala mawili. Nilichaguliwa mimi. Dorika akabaki na jembe, akaolewa. Nikasoma, nikaajiriwa ofisini mjini, nikapanga chumba mtaa wa Chang'ombe. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na nilistarehe humo.

Mwaka wa kumi na mbili baada ya mtihani ule nilirudi kijijini msibani, nikamkuta Dorika uani kwake akipepeta uwele. "Mbukwa, mwenzangu!" Salamu yake ilikuwa na furaha iliyonichoma. Tukaongea habari za watoto na za mvua. Kisha akasema, bila kinyongo chochote:

"Wewe ulinifundisha, ila kichwa changu kilikataa. Hata mdogo wangu Yoeli nilimfundisha vilevile ulivyonifundisha, naye akafeli. Nadhani ukoo wetu hatukuumbiwa hesabu. Wanangu siwasumbui na shule."

Nililia kabla sijasema neno. Halafu nikamweleza yote, alama niliyoificha na sababu ya kuificha. Ungo ukasimama mikononi mwake. Nilitamani anitukane, anifukuze. Kuku wakaja kula uwele uliomwagika, wala hakuwafukuza.

"Kumbe sikuwa mjinga," akasema, wala hakuwa akisema nami. "Miaka yote hii."

Alinisamehe baadaye, tena akanipikia. Lakini miaka ile, na ya Yoeli, nitairudisha kwa kitu gani?

Mwanangu, ukiombwa unachokijua, fundisha chote, au sema hutaki. Kunyima ni ubaya, lakini aliyenyimwa hujua amenyimwa, akaenda kutafuta kwingine. Aliyedanganywa na rafiki hujilaumu mwenyewe, na lawama hiyo huwarithisha wanawe. Na kama umekwisha kumpotosha mtu, usingoje msiba ukupeleke kwake. Nenda leo, hata kama miguu inakataa. Majuto ni mjukuu, nami wangu nimempakata hadi magoti yamechoka.

Mungu akupe akili, mwanangu, na akupe moyo wa kuigawa. Akuepushe, siku zako zote, na kuketi mbele ya mtu aliyejiita mjinga kwa sababu yako.