Matundu Mawili Chini ya Rangi

Kaka yangu ni fundi baiskeli, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Hapana. Ukitaka kununua baiskeli ya mtumba, unaiazima kwa muuzaji nusu saa, unaikokota hadi kibandani kwake, naye anaipindua magurudumu juu na kuigongagonga fremu kwa spana ndogo, sikio limeinama. Chuma kizima kinalia vizuri. Chenye ufa kinatoa sauti ya sufuria mbovu. Kisha anasema neno lake moja na kurudi kwenye kazi zake. Haelezi, maana subira ya kueleza hakuzaliwa nayo.

Wauzaji hawataki hata kumwona. Mimi, kwa miezi minane, nilimchukia kuliko wauzaji wote.

Nafua mashuka hospitalini. Kabla ya zamu lazima nimfikishe binti yangu wa miaka sita shuleni, na shule iko upande huu wa mji, hospitali upande ule. Kwa miguu nilikuwa nachelewa kila siku. Msimamizi wangu, mtu wa saa na kalamu, alishanipa barua mbili za onyo. Ya tatu ningerudi nayo nyumbani moja kwa moja. Baiskeli kwangu haikuwa anasa. Nikampelekea kaka baiskeli tano kwa nyakati tofauti, na zote tano akazikataa.

"Hata hii?" nilimuuliza kuhusu ile ya tano.

"Hapana."

"Ina nini?"

"Ina ufa."

"Uko wapi? Mbona siuoni?"

"Ungekuwa unauona ungenileteaje?"

"Basi kaka, nitafutie wewe hiyo isiyo na ufa!"

"Subiri, mdogo wangu. Itakuja."

Subiri! Yeye kibanda chake kiko hatua ishirini kutoka kitandani kwake. Nilitoka pale nikaapa sitakanyaga tena kibandani kwake.

Nikaenda peke yangu kwa muuzaji wa kwenye mzunguko wa barabara, yule anayezipaka rangi zikang'aa. Alikuwa na moja ya kijani, rangi mbichi mpaka inanukia. Harufu hiyo ingetosha kuniambia kitu, lakini nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hanusi.

"Mama, hii usimpelekee Hapana," akaniambia akicheka. "Atakuharibia siku."

Nami nikacheka. Ndiyo, nilicheka naye. Nikainunua, nikafunga mto kwenye karia, nikamnunulia binti yangu kofia ngumu iliyomfika kwenye nyusi, tukaanza safari zetu.

Kama hujawahi kuendesha baiskeli mjini na mtoto nyuma, usiniambie kitu kuhusu barabara. Wametuchorea njia ya baiskeli, mstari mweupe mzuri kabisa, na juu ya mstari huo wanaegesha magari. Ukitoka kuwakwepa, basi linakupigia honi mgongoni kama wewe ndiye uliyeiba barabara. Siku ya nne dereva mmoja alitoa kichwa dirishani akaniuliza kama natafuta kifo. Nikamwambia natafuta shule, na yeye atafute akili. Hata hivyo sikuchelewa kazini hata mara moja. Msimamizi alianza kunisalimia.

Siku ya kumi na moja, gari lililoegeshwa juu ya mstari lilifunguliwa mlango mbele ya pua yangu. Nilikamata breki zote mbili kwa nguvu zangu zote. Hatukuanguka. Mwenye gari akaniambia niwe natazama ninakokwenda, akafunga mlango wake taratibu, akaenda zake. Nilimporomoshea maneno ambayo mtoto hakupaswa kuyasikia. Tulipoondoka, binti yangu akanigusa kiunoni.

"Mama, inasema hapana."

"Nani?"

"Baiskeli. Sikiliza."

Kila nilipokanyaga kwa nguvu, mbele kulikuwa na kitu kinacholia ka, ka. Nilikuwa nimekisikia tangu juzi yake. Nikamfokea mtoto.

"Nyamaza! Umelishwa maneno na mjomba wako."

Jioni nilimchukua shuleni, na kiapo changu nikakivunja: tulikwenda moja kwa moja kibandani. Sikwenda kukaguliwa. Nilikwenda kumsuta. Nikamwambia hii hapa, siku kumi na moja, sijachelewa, sijafa. Kaka aliipindua, akagonga mara tatu, na ya nne akasita. Akachukua msasa, akasugua pale bomba la chini linapokutana na shingo ya usukani. Ikatoka rangi ya kijani, ikatoka lipu ya kijivu ya kuzibia, chini yake ukaonekana mstari wa shaba. Kila mwisho wa mstari palikuwa na tundu dogo la duara lililozibwa kwa shaba ileile.

Matundu hayo nayajua. Kaka huyatoboa kwenye ncha mbili za ufa ili usiendelee kutambaa, kisha ndipo anachomelea kwa shaba. Mji mzima hakuna fundi mwingine anayejisumbua hivyo.

Alikaa chini, juu ya tairi.

"Ni kazi yangu," akasema.

Akanieleza kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Miaka miwili nyuma alikuja mchukuzi wa mboga, fremu imepasuka, akaomba ichomelewe ili tu afike nayo nyumbani. Kaka akamwambia ifike, isirudi barabarani. Mchukuzi akaapa. Kisha, bila shaka, akaiuza.

Kaka akasimama, akaweka goti kwenye bomba, akauvuta usukani kwa mkono mmoja. Shingo ikaachana na bomba. Haikumchukua nguvu yoyote, na binti yangu alikuwa amesimama palepale na kofia yake kichwani.

"Mimi miezi minane unaniambia hapana," nilisema, na nilikuwa napiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Mtu baki unamkubalia?"

"Alilia," akasema.

"Na mimi ungetaka nilie vipi?"

Tukabeba vipande viwili hadi kwa muuzaji, kaka kimoja, mimi kimoja. Muuzaji alivitazama, akafuta mikono yake yenye rangi.

"Fundi, mimi napaka rangi tu," akasema. "Kuchomelea umechomelea wewe."

Nilikuwa tayari kumpasulia makopo yake. Kaka alinishika mkono, akageuka tukaondoka, na hilo liliniudhi kuliko maneno ya yule mtu. Njiani nikamuuliza amewachomelea wangapi namna hiyo. Akahesabu kwa vidole.

"Saba," akasema.

Siku hizi fremu yenye ufa ikiingia kibandani anaikata kwa msumeno mbele ya mwenyewe, na wenyewe wanamtukana matusi yote. Barua ya tatu ilikuja. Hawakunifukuza, ila wamenishusha: sasa nakunja mashuka kama kibarua, kwa malipo ya siku. Asubuhi natembea na binti yangu, na kila baiskeli inayosimama tunainama kuitazama shingo, tukitafuta matundu yale. Tumepata nne. Mwenye mojawapo, muuza mikate, aligoma kabisa kuitoa, mpaka kaka akampa ile anayoiendesha mwenyewe, na yule akaondoka akituita wendawazimu. Pamoja na ya kwangu ni tano. Zimebaki mbili.

Jana, kwenye taa za njia panda, mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbele yetu na baiskeli ya bluu, kreti mbili kwenye karia na mtoto mdogo kifuani. Shingoni rangi ilikuwa imebanduka, na shaba inaonekana. Binti yangu aliliona tundu kabla yangu. Taa ikawaka kijani. Mwanamke akakanyaga, ikalia ka, ka.

"Dada! Simama!" niliita, nikavua viatu, nikakimbia. "Shuka, dada yangu! Shuka!"

Aligeuza kichwa. Akamwona mama aliyevua viatu anamkimbiza barabarani na mtoto wake anapiga kelele hapana, hapana. Akakaza miguu, akaenda kasi zaidi.