Baba Yetu Kwenye Kizuizi

Siku hiyo tulikunywa chai ya asubuhi kama kawaida, mimi na mjukuu wangu Wachira, jikoni kwangu hapa juu ya Karatina. Mama yake, binti yangu Njeri, alikufa mapema, nikamlea mimi. Sasa alikuwa kijana mkubwa, anapakia mchanga kule Sagana, na alikuwa amekuja kunisaidia kuchuma majani ya chai.

Alishika kikombe akaniangalia. "Shosho, leo hatuombi?"

"Kunywa twende. Majani hayatajichuma."

"Basi Mungu wetu ni kama vile viatu vyako vyeusi. Ni wa Jumapili."

Nilicheka. Hicho kicheko bado nakisikia.

Mimi nilikuwa kiongozi wa akina mama na mwalimu wa Sande skuli. Watoto wa kijiji kizima walijifunza sala ya Baba Yetu kwangu. Lakini nyumbani nilikuwa mtu amechoka. Nikitoka shambani nilipika, nikala, nikalala. Nilijiambia Wachira atashika sala kanisani, na kanisani yeye aliacha kwenda akianza kuota ndevu.

Wakati huo kulikuwa na vita hapa kwetu, hata kama redio haikuiita vita. Lilikuwepo kundi la vijana lililotoza kila mtu pesa, mwenye duka na mwenye ng'ombe, na aliyekataa alikatwa. Wanaume wetu wakachoka. Wakachukua panga na rungu, wakalaza magogo kwenye njia panda karibu na kituo cha chai, na kila kijana aliyepita akaulizwa maswali.

Watu wa lile kundi walikuwa wamekula kiapo. Hawakutaja Yesu, waliomba wakiangalia mlima. Kwa hivyo mtu akafikiria: kijana ambaye hatuna hakika naye aseme Baba Yetu. Akimaliza, apite. Sisi sote tuliona hiyo ni akili. Hata mimi nilisimama kwa mkutano wa akina mama nikasema ni Mungu ametupa hiyo njia.

Mchana Wachira alitangulia na kikapu kwenda kupima majani. Mimi nilibaki nikimalizia mstari wangu. Jirani yangu Nyokabi akaja akikimbia, kitambaa kimemtoka kichwani.

"Mama Njeri, kimbia. Wamemshika wako."

Nilikimbia na gambuti zangu za shambani miguuni.

Wachira alikuwa amepiga magoti barabarani. Kikapu kilikuwa kimepinduliwa, majani yamemwagika kwa vumbi. Aliyesimama juu yake alikuwa Muriithi, mtoto wangu wa Sande skuli, sasa mtu mzima, mwimbaji wa kwaya.

"Muriithi, huyu ni wangu. Unamjua."

"Nilimjua akiwa mdogo, mwalimu. Huko Sagana sijui amekula kiapo cha nani. Aseme tu. Ni kitu kidogo."

Wachira akaanza. Akafika kwa mkate, akanyamaza.

"Endelea."

Akaniangalia.

Nilifungua mdomo nimsaidie.

Hakuna kitu kilitoka.

Maneno niliyofundisha miaka na miaka yaliondoka yote. Nilisema mkate. Nikarudia mkate. Mtu nyuma yangu akacheka, "Ati hata mwalimu hajui."

Muriithi akamalizia yeye, kwa sauti yake nzuri, mpaka amina. Pale pa kusamehe alipita bila kusimama.

Kisha panga.

Ya kwanza sikuiona. Niliona ya pili.

Dereva wa pikapu ya majani alikubali kutupeleka hospitali. Nililaza kichwa cha Wachira kwa mapaja yangu, juu ya magunia.

"Shosho," akasema, "baada ya mkate ni nini?"

Hapo ndipo nilikumbuka. Nikamwambia, akanifuata neno kwa neno. Tulifika kwa kusamehe. Kisha nikawa nasema peke yangu.

Polisi walikuja wakauliza. Mimi nilisema nilichoona. Hakuna mwingine alifungua mdomo, na mambo yakaishia hapo.

Watu wengine huniambia kwamba Wachira angekuwa anaomba kila siku angepona. Nawaambia wanyamaze. Sala si kibali cha kupita kizuizi. Muriithi aliijua yote, na haikumzuia mkono. Nilimfundisha maneno ya Jumapili akayashika vizuri, kama nilivyoyashika mimi. Na wangu wa nyumbani aliniuliza tukiwa na vikombe mkononi, na mimi nikamwambia habari ya majani.

Hiyo ndiyo aibu yangu, na imekaa nami kuliko hata kilio.

Kwa hivyo nyinyi mnaosema mtaomba mkipata nafasi, mimi sina maneno matamu ya kuwapa. Nafasi haiji. Siku mdomo utakapokauka, utatafuta ulichoweka ndani kila asubuhi, na kama hukuweka, hutapata.

Siku hizi napiga magoti kabla ya kuwasha moto. Mbele yangu naweka kile kikapu chake. Nasema polepole, napita mkate. Halafu nafika pale pa kusamehe, na namwona Muriithi, ambaye mpaka leo anaimba kanisani viti viwili mbele yangu, na kichwa kimeota mvi.

Kuna asubuhi napita. Asubuhi nyingi sipiti. Nainuka, nawasha moto, nachemsha chai, na kesho yake napiga magoti tena nianze mwanzo.