Nilimulipiza Kisasi Mutoto Aliyerudisha Sahani Yangu

Nilikosa, na sikukosa kwa bahati mbaya. Nilikaa ku jiko langu nikafikiri, nikachagua maneno ya kumuangamiza mutoto wa wenyewe, kisha nikayasema. Kama weye unayesoma unatafuta mahali pa kunihurumia, usijisumbue.

Jina langu sitaandika. Minye ni mama muzee, masomo yangu yaliishia darasa la tatu, mwandiko wangu mutauvumilia. Miaka mingi nimepika ku internati ya wasichana ya chuo kimoja hapa Uvira, pale wanapolala wanafunzi wanaotoka mbali. Wananiita Bibi. Niliwajua kuliko mama zao: nani hapendi pilipili, nani anafichia rafiki yake kichwa cha samaki, nani anakuja nyuma kukwangua sufuria.

Sombe yangu, yale majani ya muhogo ya kutwanga, ilisifiwa. Hata walimu walikuwa wanapita mulango wa nyuma na bakuli chini ya koti. Sijisifu. Ao basi najisifu, niko mukubwa, nani atanikataza?

Kulikuwa na binti mumoja, nitamuita Faida, si jina lake. Anatoka Sange, kule kwenye mashamba ya mpunga, mwaka wa pili wa ualimu. Mupole, lakini siku ya wali alikuwa wa kwanza ku jiko.

"Bibi, ukoko wangu uko wapi?"

"Weye ulikuja Uvira kusoma ao kukwangua sufuria?"

"Vyote viwili, Bibi. Baba alilipia vyote."

Nilimupenda. Nasema hilo mapema ili mujue sikumuchukia tangu mwanzo.

Jumatatu moja sahani ya Faida ilirudi imejaa. Bugali haijaguswa hata kwa kidole, sombe imeota ngozi juu. Nikasema ni tumbo. Jumanne ikarudi tena. Jumatano alikuja mwenyewe, akaisukuma mbele yangu kwa mukono mumoja, bila kuniangalia mu macho.

"Chakula kiko na nini?"

"Hakuna, Bibi. Siwezi tu."

Weye musomaji wa mbali utasema, mutoto hana njaa, kuna shida gani? Huku kwetu sahani ikirudi mara tatu imesema neno. Imesema: naogopa mukono wako. Huku kuna sumu, sisi tunaiita karuho, na muntu akitajwa kwamba ndiye anayeitoa, maisha yake yamekwisha hata kama anapumua. Ndiyo maana mugeni akija unaonja mwenyewe kwanza kabla ya kumupa. Ndiyo maana chupa inafunguliwa mbele ya macho yako.

Nitoke kidogo mu njia, nitarudi.

Mama yangu muzazi alikuwa wa juu kule Bijombo. Mutoto wa jirani alikula maharagwe kwetu, akatapika usiku kucha, akafa. Minye sasa hivi nasema alikuwa na minyoo, tumbo lake lilikuwa kama ngoma tangu zamani. Lakini wiki haikuisha, watu wakaacha kuja kuomba moto kwetu. Kisha wakaacha kujibu salamu. Kisha mawe yakaanza kuanguka ku paa. Tulishuka mulima na mbuzi mumoja na mukeka, minye nikiwa nimebeba sufuria ku kichwa. Mama aliishi Kalundu, ku bandari ya hapa Uvira, mpaka kufa kwake, na hakumupa chakula muntu asiye wa damu yake hata siku moja. Nikaapa nitapika mpaka muji muzima ule chakula cha mukono wangu. Ndiyo sababu nikawa mupishi. Haikuwa mapenzi ya sufuria.

Sasa munaelewa ile sahani ya Jumatano iliniingia wapi.

Alhamisi nikaona wasichana wawili wananong'ona wakiwa wameshika vijiko. Mumoja akanusa sombe kabla ya kula. Labda walikuwa wanaongea mitihani, labda yule alikuwa na mafua. Minye nilisikia mawe ku paa.

Kumuuliza Faida kungenigharimu pumzi moja. Sikumuuliza. Nilianza kumuwinda.

Na nilimuwinda vizuri, Mungu anajua. Ku chuo kizima hakuna aliyemuangalia yule mutoto kama minye. Niliona amevaa kikwembe kimoja, kitenge kilekile cha kujifunga, wiki nzima. Niliona hasuki tena nywele, yeye aliyekuwa anawasuka wenzake. Wengine wakienda kuoga, yeye anakaa nyuma ya tanki la maji, uso ku ukuta. Ukimuita, unamuita mara tatu. Viatu vyake vizuri, vile vya kanisa, alimupa mwenzake wa chumba, hivi hivi, bila kuombwa. Madaftari yake pia akaanza kuyagawa. Chai alikunywa kidogo asubuhi, basi.

Yote hayo nilikuwa nayapanga mu kichwa kama hakimu. Viatu? Anamuhonga mwenzake asimuchongee. Nyuma ya tanki? Anapanga mambo yake. Haniangalii? Ni dhambi inamusumbua. Hakuna alama hata moja niliyokosa kuiona, na hakuna hata moja niliyoisoma sawa. Chuki iko na macho makali sana, lakini haijui kusoma vizuri, ni kama minye.

Siku ya tisa, Jumanne, wasichana wamepanga musitari wanangoja chakula. Mwenzake wa chumba, amevaa vile viatu, akaniuliza mbele ya wote:

"Bibi, mbona Faida hali kwako?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema, mutoto anaumwa, tumupeleke hospitali kwa munganga. Nilikuwa na jibu langu tayari tangu siku tatu, nimelichemusha mpaka limeiva.

Nikasema, "Muulizeni yeye. Juma lililopita aliingia hapa peke yake kuchota maji. Anayejua alichotia mu chungu ndiye asiyekula."

Hivyo tu. Nikaendelea kupakua.

Saa kumi godoro la Faida lilikuwa nje ku kolidoo. Hakuna aliyetaka kunywa kwenye bidoni ya maji aliyoigusa. Walimupa jina: Karuho. Nilimuona kupitia dirisha la jiko amekaa juu ya godoro lake, mikono mu magoti, wenzake wanamuruka kama wanavyoruka maji machafu. Hakulia. Hakujitetea. Nikasema, unaona? Mwenye kosa hana la kusema.

Ile siku nilikula vizuri. Nilijipakulia mara mbili. Nataka mujue hilo pia.

Msimamizi wa internati, tulikuwa tunamuita Madame, alikuja ku jiko.

"Bibi, hawa wasichana wanasema nini juu ya Faida?"

"Watoto wanaona, Madame. Minye ni mupishi tu."

Akaandika mu daftari lake kwamba kuna fujo mu chumba cha tatu. Akamuita Faida, akamuambia alete mzazi wake Ijumaa. Hakumuuliza amekula nini. Mwalimu wake alikuwa anamuwekea sifuri kwa kutofika darasani, naye hakuuliza. Mulinzi wa lango alimuona anapita akiongea peke yake, akacheka. Kila muntu alikuwa na kipande chake mukononi, na hakuna aliyekwenda kwa mwenzake kusema, wewe umeona nini? Minye peke yangu nilikuwa na vipande vyote, na nilikuwa nimevikalia.

Alhamisi Faida alitoka lango bila kitu mukononi. Saa sita ya muchana wabeba mizigo wa Kalundu wakamuokota karibu na pale mitumbwi ya samaki inaposhushia. Alikuwa ameanguka kifudifudi ku muchanga, mita chache na maji. Alikuwa anakwenda wapi, hakuwahi kuniambia, na sitaki kujua. Walimulaza ku mukokoteni wa samaki wakamukimbiza hospitali. Mumoja alikuta kadi ya mwanafunzi mu kikwembe chake, akaja mpaka chuoni.

Madame akanichukua tuende pamoja, juu ya kuwa alitaka mama muzee awe pale.

Munganga alikuwa kijana, amechoka. Akauliza, "Tangu lini hajala?"

Madame akafungua daftari lake. Na minye nikasikia kinywa changu kinajibu: "Leo siku ya kumi na moja. Jumatatu ya juzi alirudisha bugali na sombe. Jumanne maharagwe. Jumatano ndagala. Alhamisi wali, hata ukoko hakutaka." Nikaendelea hivyo siku kwa siku. Kikwembe kimoja, nywele, tanki, viatu, nikataja vyote.

Munganga akaacha kuandika, akaniangalia.

"Mama, weye ni nani wake?"

"Mupishi."

"Asante, mama. Wengi ku vyuo hawaangalii watoto wa watu hivyo. Umenisaidia sana."

Nimepigwa mu maisha yangu. Bwana yangu, Mungu amulaze, alinipiga. Hakuna kofi lililoniumiza kama ile asante.

Madame alimupigia baba yake simu, akafika kutoka Sange Ijumaa, ile Ijumaa aliyokuwa amemuitia. Kwake ndipo tulijua. Mama ya Faida alikuwa amekufa na kuzikwa, mwezi mzima umepita, na mutoto hakuambiwa. Walisema amalize mitihani kwanza. Tunafanya hivyo huku, tunaficha kifo ili masomo yasiharibike, na tunaona ni upendo. Lakini muntu mumoja wa Sange alimupigia simu Jumapili, kesho yake ndiyo sahani ya kwanza ilirudi, kumupa pole, akidhani anajua. Faida hakumuambia baba kwamba amejua, juu hakutaka kumuongezea mzigo. Akaweka kilio chote ndani, peke yake, bila hata muntu mumoja wa kukaa naye chini. Kila muntu alikuwa anamuficha mwenzake, na katikati yao minye na mwiko wangu.

Jumamosi alikuwa amekaa, wanamulisha uji kwa kijiko. Nikangoja baba yake atoke.

"Faida, minye ndiye niliyesema."

"Kusema nini, Bibi?"

"Ile ya karuho."

 Kisha akasema, "Nilidhani wamejua juu ya mama. Nilidhani wananikimbia juu niko na kifo."

"Hapana. Ni minye. Juu ya sahani."

"Sahani gani?"

Nikamueleza yote, hata ya mama yangu na mawe ku paa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekunja uso kama muntu anayesikiliza lugha ya wageni.

"Bibi," akasema, "sikuwa hata naona ni nani anapika."

Nilipigana vita nzima na muntu asiyejua kama kuna vita.

Baba yake alirudi, akaona machozi ya mutoto, akauliza. Faida akamuambia, mbele yangu, kwa maneno machache. Sikungoja anitukane, niliomba anitukane. Alisema tu, "Mama, utoke."

Jumatatu nilisimama mbele ya musitari wa chakula nikasema ukweli. Wengine walilia. Wengine wakaambiana kwamba Faida ameniloga ndiyo maana namutetea. Neno la karuho likitoka halina mukia wa kulivutia. Lilipanda minibasi likafika Sange kabla yake. Aliacha chuo, akarudi kwao, akaanza kuuza wali na maharagwe ku soko, na wanawake wakawa wanapita mbele ya sufuria zake kama hawazioni. Hayo nililetewa na mwenzake wa chumba, ambaye alikwenda kumurudishia viatu.

Nikapanda gari, siku ya soko. Nikasimama katikati nikasema kwa sauti kwamba niliongopa, kwamba minye ndiye muchongezi. Watu wakacheka, wakasema muzee amechanganyikiwa. Nikaona iko njia moja tu. Nikakwenda ku meza ya Faida.

"Nipakulie. Nile mbele ya watu wote, waone."

Alikuwa amepata nyama kidogo ku mashavu. Aliniangalia mu macho, safari hii vizuri kabisa.

"Hapana, Bibi."

"Ni kwa ajili ya jina lako."

"Jina langu nitalitafuta mwenyewe. Watu wangu watakula, hata kama ni mwaka kesho. Weye hutakula kwangu. Rudi Uvira ukiwa na njaa yako, na kila muntu anione nimekurudisha."

Na watu walikuwa wanaangalia, ni kweli. Mama mumoja wa pembeni akacheka kidogo, akavuta kiti, akasema, "Basi minye nipakulie." Faida akampakulia. Nilisimama pale nikimuangalia yule mama anatafuna, harufu ya yale maharagwe inanijaa puani, kisha nikatafuta gari la kurudi. Alinilipiza, na alilipiza vizuri kuliko minye, juu kisasi chake kilikuwa cha haki.

Sasa nyinyi munaofanya kazi ku vyuo. Sisemi na wakubwa, wao wako na barua zao. Nasema na mupishi, na mulinzi wa lango, na anayefagia vyumba, na Madame mwenye daftari. Sisi ndio tunaona. Mutoto akiacha kula, akiacha kuoga, akianza kugawa vitu vyake, usikae kutafuta anamutukana nani. Acha mwiko, mufuate, kaa naye chini, muulize: umepata habari gani ya nyumbani? Akinyamaza, kaa tu. Kisha nenda kwa mwenzako, muweke vipande vyenu pamoja, mumupeleke kwa munganga siku ileile, si siku ya kumi na moja.

Na kama moyo wako umejaa hasira mpaka huwezi kumuuliza, muite mwingine amuulize. Ukishindwa hata hilo, vua kikwembe cha jiko, toka ku chuo cha watu, uende ukapikie mbuzi.