Mstari Ulioliwa na Panya

Yonasi wa Ihanda nilimjua kwa sababu ya chumvi. Kila nikitoka Ivuna na kiroba changu, kwake ndiko nilikolala, na mkewe Fides ndiye aliyekuwa mnunuzi wangu wa kwanza. Miaka thelathini na moja Yonasi alifundisha watoto Shule ya Jumapili. Pale kijijini hakuna aliyemwita kwa jina. Wote walisema Mwalimu, hata walevi.

Presha ya macho ilimwanzia pembeni. Akawa anagonga ndoo na mbuzi, sisi tukawa tunacheka. Mwaka wa tatu hakuona tena herufi, na hakumwambia mtu ila mkewe. Kanisa lina utaratibu wake: asiyeweza kusoma anapumzishwa kufundisha. Yonasi alisema heri wampumzishe kula. Basi Fides akawa anamsomea somo la wiki jikoni, mara nne, mara tano, mpaka limkae kichwani. Jumapili alifungua kitabu mbele ya watoto akasema yote bila kukwama. Mimi nimekula ugali katikati ya masomo hayo, na sikusema kitu kwa mtu.

Kila Agosti walimu hukutana Tunduma kwa kongamano, kila mmoja na mwenzi wake. Miaka yote wanandoa walikaa benchi moja, na Fides alimnong'oneza mumewe yaliyoandikwa ubaoni. Mwaka jana nilikuwa nimewapelekea wapishi chumvi, wakanikaribisha ndani, nikakaa nyuma kabisa. Nikaona wanaume wamewekwa kulia na wanawake kushoto. Mkufunzi mgeni, jina lake Danford, ndiye aliyetaka hivyo ili watu wasipige soga. Halafu akatangaza kwamba kila mwalimu atasoma somo la Nuhu mbele ya wenzake, na baada ya hapo ndipo barua za kufundisha zitatolewa.

Yonasi alikuwa na somo la Nuhu kichwani. Nilimwona Fides anashusha pumzi.

Yonasi alipoitwa, alitembea akigusa ncha za mabenchi, kama mtu anayesalimia. Akapewa kitabu, akasoma vizuri, sauti ile ile ya miaka yote, huku nje malori ya foleni ya mpakani yakipiga honi. Wenzake walifuatisha kwa vidole. Akafika pale Nuhu anapoingia safinani na jamaa yake, akaendelea: na mke wa Nuhu akawahesabu wanyama, maana mumewe alikuwa amechoka.

Watu wakacheka. Mmoja akauliza kama huyo mama alilipwa posho. Yonasi naye akatabasamu, hajui kinachochekwa.

Danford hakucheka. "Mwalimu, maneno hayo yako mstari wa ngapi?"

Yonasi akapitisha kidole kwenye karatasi, juu mpaka chini. Akarudia tena, juu mpaka chini. Kicheko kikakatika. Ndipo Fides akasimama upande wa kushoto.

"Yako kwangu," alisema. "Kitabu chetu panya walikula hiyo kona, nikaweka ya kwangu. Baba Aida huyu hana kosa."

Danford akamsogelea Yonasi, akamuuliza kwa upole kama anamwona.

"Nakusikia," Yonasi akajibu.

Hawakumfukuza, niseme haki. Walimwombea, wakamfunika shuka mpya mabegani. Barua ya Ihanda wakaandika jina la Fides, kwa kuwa kusoma anajua. Alikataa mara mbili. Yonasi ndiye aliyemwambia apokee, watoto wasije wakakaa bure.

Baadaye Fides aliniambia kwamba mara nyingi alitaka kuazima kitabu kizima kwa jirani aone ule mstari unasemaje, ila aliogopa kuulizwa cha kwao kina nini.

Mwezi uliopita nilipita tena. Barua ya mwaka huu ilikuwa imefika: Mwalimu Fides na mwenzi wake. Yonasi amemwambia aende peke yake. Siku hizi Fides akitaka kuandaa somo husoma kimya, midomo imefungwa, na mumewe hutoka akasimama kwenye mibuni mpaka amalize. Nilikuwa naye pale walipopita watoto wakitoka kuteka maji. Wakamwamkia kama zamani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akasema. "Mwalimu yuko ndani."