Hina ya Kuficha Kidole

Juzi nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya mishipa ya damu, hapa hapa kisiwani, na bibi mmoja wa Mji wa Kale aliyeketi kando yangu hakuwa na imani na bintiye hata chembe.

"Tangu alfajiri umeninyima hata chai," alisema, akinyoosha miguu iliyokolea hina hadi vifundoni. "Jana umenitia hina, na mimi mjane, mtu mzima. Wasema twaja kupimwa presha. Kwani nimeposwa?"

Binti akacheka peke yake. "Mama nawe! Ni sindano tu."

Daktari alipofika aliinama, akauliza kwa ukali ni nani aliyempaka hina mgonjwa wa kupasuliwa, maana yeye hutazama rangi ya vidole ajue kama damu inafika. Binti akamnong'oneza kwamba kidole kimeanza kuwa cheusi, nao nyumbani hawakutaka mama akione, asije akashtuka.

Bibi alisikia yote. Akamshika daktari mkono. "Mwanangu, niambie mimi. Mguu ni wangu."

"Mshipa wa pajani umeziba, bibi. Tukiuzibua leo, huenda mguu tukauokoa. Tukichelewa, utakatwa."

"Basi uzibue," alisema papo hapo, macho makavu. Aliyekuwa akilia ni binti.

Sasa nikisikia mtu anamficha mzazi ugonjwa wake eti kwa huruma, namtazama mara mbili. Huruma hiyo anamwonea nani hasa?