Treni za Marekani Kwenye Posa Yangu

Jamani, hili nalieleza mwenyewe kabla hamjalisikia kwa Ami Khalfan, maana yeye akilisimulia hulitia chumvi, na wallahi lilivyo tu linatosha kuniaibisha. Mie niliiharibu posa yangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wazee wanane, kwa sababu ya treni za Marekani.

Sijui niliingiwa na nini, mtoto wa Nizwa, huku Omani, ambaye sijapanda treni hata siku moja, lakini kila nikitoka kazini naangalia video za mainjini ya zamani ya huko, yale ya makaa, na habari za makampuni yake, nani kamnunua nani, nani kaungana na nani. Mama akinambia mwisho nitaoa injini.

Siku yenyewe tulikwenda mji wa Ibra kumposa Rahma, mwalimu, kwao watu wenye asili ya Unguja kama sisi. Nilikuwa namtaka miaka miwili, na babake alikwisha kuwarudisha waposaji wawili kabla yangu. Ndani ya gari Ami Khalfan, msemaji wetu, akanipa sharti moja.

"Nassor mwanangu, mposaji hasemi. Salimia, kunywa kahawa, ukae. Maneno niachie mie."

Nikasema tayyib.

Tukaingia majlis, chumba chao cha wageni, shikamoo nikazitoa kila upande, Ami akazungumza vizuri kweli, kwamba nyumba hizi mbili zikiungana itakuwa kheri tupu, na kwamba kijana wetu ana kazi yake, na nyumba yake Nizwa imekwisha, imebaki kuingia tu. (Nyumba haikuwa hata na madirisha, lakini nani angekwenda kuchungulia?) Mzee Seif, babake Rahma, akawa anaitikia kwa kichwa taratibu, mambo yanakwenda.

Na ningekaa kimya mpaka mwisho, lau si kiinjini cheusi kilichokuwa kwenye kabati la vioo nyuma yake. Mzee alisoma Marekani ujanani, kumbe alirudi nacho. Nikasema neno moja tu, "Mzee, kampuni ya injini hiyo si ndiyo iliyoungana na hasimu wake?"

Uso ukamchanua. "Unaijua habari yake? Hebu tueleze."

Ami akanikanyaga kidole, mie nikadhani bahati mbaya, nikavuta mguu nikaendelea. Nikaeleza kuwa zilikuwa kampuni mbili kubwa zilizochukiana miaka na miaka, wakubwa wao wakakaa wakasema tukiungana itakuwa kheri tupu (ndiyo, maneno yale yale ya Ami, wala sikujishtukia), wakatia saini, na tokea siku ya kwanza watu wa huku hawasemi na watu wa kule, mitambo ya ofisi haielewani, mabehewa yanapotea njiani na viazi vinaoza ndani yake, na haukupita muda zikafilisika pamoja. Nilikolea mpaka nikasahau kutikisa kikombe (usipotikisa unamiminiwa tu), nikafika cha saba. Wazee wakawa wanatazamana. Mie nikadhani wameipenda hadithi.

"Na kilichowaangusha hasa nini?" akauliza Mzee Seif, na sasa hacheki.

"Walifichana, Mzee. Kila mmoja alificha ubovu wa reli zake mpaka siku ya kutia saini."

Akamgeukia Ami. "Na nyinyi mnatuficha nini?"

Ami, msemaji wetu, akanitazama mie. Nami na vikombe vyangu saba tumboni nikasema, "Nyumba haina madirisha." Halafu, kwa kuwa mdomo ulikwisha kufunguka, nikaongeza na mlango wa mbele.

"Inshallah tutawajibu," akasema Mzee Seif, na kila mtu pale alijua maana yake nendeni kwenu. Tulipoingia Nizwa ndipo Ami aliponiambia, "Hata mlango, Nassor."

Wiki mbili sikupata usingizi. Nilimpenda yule msichana, na nilijua nimempoteza kwa ulimi wangu mwenyewe.

Kisha mamake Rahma akampigia Mama simu: posa imekubaliwa, ila nyumba imalizwe kwanza. Kumbe Rahma alikuwa nyuma ya mlango siku ile, kasikia yote, akamwambia babake, "Baba, huyu niozeshe. Mwenye mdomo ule hawezi kunificha mke wa pili."

Basi tukaoana, na nimeapa, kwenye majlis ya wakwe sitii neno tena. Nyumbani ndiko siwezi kuapa, maana kila jioni Rahma ananiuliza nilikuwa wapi na nani, na mie, bila kukusudia, namwambia.